Lenzi Ingoje, Mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Huku Lamu hatujambo, shangazi yako akusalimu sana. Umeniuliza kama ukope pesa ununue kamera na lenzi ya kupigia maua kwa karibu, maana picha za simu yako hazina uhai na huko Mombasa huna wa kukufunza. La, mwanangu, usikope. Simu uliyo nayo inatosha kujifunzia, na chumba chako kina dirisha.

Anza na hilo dirisha. Zima taa, kwani mwanga wake ukichanganyika na wa mchana rangi ya ua huharibika. Weka ua kando ya dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Wakumbuka kiwanda cha nyumba yetu, ule uwanja wa ndani ulio wazi juu, mwanga unavyoshuka ukigonga kuta za chokaa kabla ya kufika chini? Tafuta mwanga laini wa namna hiyo. Kivuli kikizidi, simamisha karatasi nyeupe upande wa pili. Piga. Kisha iondoe, weka kitambaa cheusi mahali pake, upige tena. Badilisha kitu kimoja kwa kila picha. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kilichokufaa ni kipi.

Asumini ndiyo mwalimu mkali. Ukiiweka mbele ya buibui jeusi, simu huona giza jingi, ikaongeza mwanga, na ua likabaki doa jeupe tupu. Gusa ua kwenye kioo cha simu, halafu shusha mwanga kwa kidole mpaka mikunjo ya petali ionekane. Hapa ndipo watu wengi hulaumu kamera bure. Tena asumini huchumwa ingali imefumba, ikafunguka usiku, kwa hiyo ukiinunua jioni utaipata ikifunguka mbele yako. Ukitaka kukaribia, shika kioo cha kukuzia mbele ya simu, uisogeze simu yenyewe mbele na nyuma taratibu hadi ua litulie. Sehemu inayoonekana vizuri itakuwa nyembamba sana, basi chagua unachotaka kionekane. Egemeza simu kwenye vitabu na utumie kihesabu muda, mkono usiitikise.

Petali ya waridi ibandike kwa maji kwenye kioo cha dirisha, uipige mwanga ukiwa nyuma yake: mishipa yote itajitokeza. Matone ya maji hukauka upesi, lakini ukiyachanganya na glisirini ya duka la dawa hukaa. Weka ua jingine nyuma ya tone, utaliona ndani yake limepinduka juu chini. Mimi napenda jambo hili kuliko yote.

Karl Blossfeldt, Mjerumani aliyefundisha sanaa Berlin, alipiga picha za mimea kwa kamera alizojitengenezea, akiwafunzia wanafunzi wake. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1928, naye amepita miaka 60. Mandhari ya nyuma ya mimea hiyo mara nyingi yalikuwa karatasi tupu.

Lenzi utanunua siku utakaponiambia kwamba mwanga umeupata, mandhari umeyapata, ila simu haisogei karibu inavyotakikana. Siku hiyo nami nitachangia. Kwa sasa nitumie picha za asumini, hata zilizoharibika, na uniandikie dirisha lilikuwa upande gani wa ua.

Mamako