Nimpe bahasha wakili wa bure?

SWALI: Mwanangu, miaka 19, ana kesi mahakama ya wilaya hapa Lowell, Massachusetts. Kwa kuwa hatuna uwezo, jaji alimpangia wakili. Majirani wanasema wakili wa bure hutetea kibure, nimpe kitu kidogo achangamke. Nimpe?
Mama Baraka

JIBU: Mama Baraka, hiyo bahasha irudishe mkobani leo hii. Wakili aliyepangwa na mahakama haruhusiwi kupokea pesa ya mteja kwa kesi hiyo. Akiipokea, huyo ndiye wa kuogopa.

Halafu si wa bure. Analipwa na jimbo, na wengi wao hulipwa kwa saa. Mimi ni mkalimani, nawaona koridoni mafaili kwapani, wakijaza muda wao kwa vipande vya dakika sita sita. Mei 2025 wengi wao waligoma kupokea kesi mpya, maana katika mahakama za wilaya walilipwa dola 65 kwa saa, ilhali kwenye majimbo ya karibu, Rhode Island ilikuwa 112, New Hampshire 125 na Maine 150. Najua utasema 65 si haba. Basi toa humo kodi ya ofisi, bima, karani kama anaye, na kodi ya serikali. Likizo ya malipo huyo wa kulipwa kwa saa hana, kwa sababu hajaajiriwa.

Mgomo uliuma. Julai mahakama ya juu ya jimbo iliamuru, kwa kaunti za Suffolk na Middlesex (ndiyo hiyo yenu), kwamba aliyekaa rumande siku 7 bila wakili aachiwe, na kesi iliyokosa wakili siku 45 ifutwe. Hapo ndipo wabunge walipozinduka! Agosti wakaongeza dola 10, na 10 nyingine za mwaka uliofuata. Kwangu mimi bado ni kidogo.

Kinachomsaidia wakili wenu ni makaratasi: barua ya mwajiri, cheti cha shule, majina na simu za mashahidi. Mpelekeeni kabla ya siku ya kesi, si asubuhi ile mlangoni.

Na usikasirike asipokusimulia kila kitu. Mteja wake ni Baraka, ambaye ni mtu mzima, na siri zao zinalindwa. Wakiongea, wewe kaa nje. Asiporidhika naye, Baraka mwenyewe ndiye wa kumwomba jaji ambadilishie.