Kabla hujalipa karo ya PP1: maswali yenu

Januari inakaribia na wazazi wa Nakuru mmeanza tena, inboksi imejaa maswali ya PP1, ule mwaka wa kwanza wa chekechea.

*Mtoto ana miaka miwili na nusu, shule moja huku Lanet wamekubali kumchukua PP1. Nimpeleke?*

Hapana. PP1 ni miaka minne, PP2 mitano, gredi ya kwanza sita, nimeandika hii hadi nimechoka. Huyo anamchukua juu ya karo yako. Mwache acheze na matope.

*Shule gani nzuri Kiamunyi?*

Sitaji shule. Mwenye kuuliza anajua.

*Shule moja ni Kizungu tupu, ingine mwalimu anachanganya na Kiswahili. Mzee anataka ya Kizungu.*

Mwambie mzee sera yenyewe inasema wadogo wafunzwe kwa lugha ya nyumbani ama ile inaongewa mtaani, na hapa kwetu hiyo ni Kiswahili. Wangu wa pili nilimweka kwa moja ya hizo za Kizungu tupu, akawa anarudi na suruali imelowa kila siku, kumbe alikuwa anaogopa kuomba ruhusa ya choo kwa sababu hajui kuisema kwa Kizungu na akiisema kwa Kiswahili anavalishwa kibao cha aibu shingoni, mtoto wa miaka minne jameni. Nilimtoa katikati ya muhula na karo sikurudishiwa. Kwa hivyo wachana na katuni za ukutani, enda saa nne wakati wa uji bila kupiga simu, angalia choo kama ni saizi yao na kama kuna maji, hesabu watoto kwa mwalimu mmoja, uliza namba yake ya TSC, ile ya kusajiliwa kama mwalimu. Ukipata daftari la PP1 limejaa kurasa za "a a a a", toka pole pole.

*Wanataka elfu mbili za intaviu, na ajue kuandika jina.*

Kama anajua kuandika anakuja kwao kufanya nini?

*Van ni ya kuaminika?*

Gari la shule kisheria ni la njano. Gari dogo la Probox limebeba watoto kumi na mmoja, wawili kwa buti, hiyo si van. Na ulize ni mtu mzima gani anakaa nyuma nao, dereva hahesabiwi.

*Karo elfu kumi na tano kwa muhula, hiyo ndio yote?*

Haijawahi kuwa yote. Kuna traksuti, lanchi, trip, na joho la kuhitimu PP2 utakalolipia mtoto alivae dakika ishirini. Wakuandikie kila kitu kwa karatasi. Na kabla ukimbilie loni ya sacco pitia chekechea ya kaunti iliyo karibu na wewe, zingine zina uwanja mkubwa kuliko hiyo nyumba ya kukodi mnaita academy.