Neno "se'nnight" na usiku unaotangulia mchana

Mzee mmoja anayekusanya habari za ukoo wake aliniletea nakala ya barua ya Kiingereza ya karne ya 19, nimtafsirie. Ilikuwa kurasa mbili tu. Mahali fulani nahodha aliyeiandika anasema ataondoka "Tuesday se'nnight". Niliona "night" pale mwishoni, nikaandika "Jumanne usiku", nikasonga mbele.

Baada ya siku mbili mzee akanipigia simu. "Mwanangu, hii Jumanne yako haipatani na barua nyingine niliyonayo. Alhamisi yake huyu mtu bado yumo bandarini anapakia maji."

Nilifungua kamusi nikiwa nimeshikwa na aibu. Se'nnight ni mkato wa maneno mawili ya Kiingereza cha kale, "seofon nihta", yaani usiku saba. Ni wiki nzima. "Tuesday se'nnight" ni Jumanne ya wiki inayofuata, siku saba baada ya Jumanne iliyo karibu. Nilikuwa nimeng'oa nanga ya nahodha wa watu wiki moja kabla ya wakati wake.

Neno hili lina ndugu aliye hai, "fortnight", lililotokana na "feowertyne niht", usiku kumi na nne. Waingereza bado wanalitumia kila siku kwa maana ya wiki mbili, ingawa Wamarekani wengi hawalitumii. Se'nnight lenyewe lilififia katika karne hiyohiyo ya 19, likaachia nafasi "week", neno lilelile ambalo sisi tumelifanya wiki.

Lakini kwa nini wahesabu usiku, wasihesabu mchana? Mrumi Tacitus, aliyeandika juu ya Wajerumani wa kale mnamo mwaka 98, alieleza kwamba watu wale hawakuhesabu siku kama Warumi. Walihesabu usiku, na kwao usiku ndio uliotangulia mchana. Kabla yake Julius Caesar alisema vivyo hivyo kuhusu Wagauli, wenyeji wa kale wa Ufaransa. Huko Wales mpaka leo wiki inaitwa "wythnos", yaani usiku nane, kwa sababu wanahesabu ncha zote mbili, usiku wa kwanza na wa mwisho.

Niliposoma hayo nilimkumbuka bibi yangu. Akisema "usiku wa Ijumaa", alikusudia usiku ule ambao sisi wajukuu tuliuita Alhamisi usiku. Jua likishatua Alhamisi, kwake Ijumaa imekwisha kuingia, na udi unafukizwa. Hata sasa redio na magazeti yetu husema "usiku wa kuamkia Jumatatu". Mwezi wa Ramadhani ukiandama, tarawehe husaliwa usiku uleule, kabla mtu hajafunga hata siku moja. Ufunguo wa neno la nahodha nilikuwa nao mdomoni tangu utotoni, na sikuutumia. Hilo liliniuma kuliko kosa lenyewe.

Kwa hiyo wewe unayetafsiri, au unayesoma maandishi ya zamani kwa mapenzi yako tu, ukikutana na neno la kale lenye sura unayoifahamu, litilie shaka hiyohiyo sura. Neno geni kabisa litakupeleka kwenye kamusi bila kulazimishwa. Hili linalofanana na unalolijua ndilo litakalokupitisha huku umetabasamu. Likihusu wakati, chukua kalenda na uhesabu kwa kidole.

Jaribu zoezi hili. Katika riwaya ya Jane Austen ya mwaka 1813, Pride and Prejudice, Bwana Collins anaandika kwamba atafika Jumatatu, Novemba 18, na atakaa mpaka "Saturday se'nnight". Msomaji mwenye haraka atamfungashia mizigo Jumamosi ya tarehe 23. Sasa hesabu: Jumamosi ya kwanza ni 23, ongeza usiku saba, unafika 30. Ile dansi kubwa ya riwaya hiyo, katika jumba la Netherfield, ni tarehe 26, na Bwana Collins yumo humo anacheza, anawakanyagia wenzake hatua. Ungemwondoa tarehe 23, dansi ile ingemkosa, na posa anayoitoa kesho yake isingekuwapo.

Jambo la pili ni katika kuandika. Usihamishe utata kutoka lugha moja kuingia nyingine. Hata "Ijumaa ijayo" ya kwetu huwagawa watu: wengine wataelewa Ijumaa hii, wengine ile ya wiki ya pili. Mimi siku hizi naweka tarehe pembeni, na mwenye kazi akiniuliza nimeipataje, namwonyesha hesabu. Na kama una mzee nyumbani, muulize siku yake inaanzia wapi, magharibi au usiku wa manane. Mimi bibi yangu nilichelewa kumuuliza mengi.

Yule mzee nilimpelekea tafsiri mpya mwenyewe, kwa mkono. Nilikuwa nimeandika "Jumanne ya wiki itakayofuata", na pembeni, kwa penseli, tarehe. Aliiweka mezani kando ya barua yake nyingine, akapitisha kidole kutoka Alhamisi ile ya bandarini mpaka Jumanne yangu. Siku tano. Akavua miwani, akasema, "Basi maji yake yalimtosha."