Karata Nne, Ndoa Sita: Nilivyojifunza Kuchagua Mkono wa Kuanzia Omaha

Juma lililopita, saa saba za usiku, kijana mmoja wa Morogoro alinitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Nimeacha poka ya Texas nimehamia poka ya Omaha. Wiki ya tatu sasa, kila nikipewa ree mbili napigwa. Juzi nilikuwa na A-A-9-4, karata zote alama tofauti, nikaweka kila kitu, nikatoka mikono mitupu. Ni nuksi au kuna kitu sikijui?"

Marahaba mdogo wangu. Kuna kitu hukijui, na mimi kukijua kulinigharimu kodi ya nyumba ya miezi sita.

Najua wengi mnaonisoma mna ndoto ileile niliyonayo: kukaa meza kubwa, na siku moja kupanda ndege kwenda Las Vegas kwenye mashindano ya dunia. Ndiyo maana nasimulia hili lote bila kuficha.

Karata nilizijulia barazani Tanga, kwenye lastikadi ya wajomba zangu. Kopa, uru, shupaza na pau nilizitambua kabla sijajua kuandika jina langu. Poka ya Texas nilifundishwa ukubwani, Dar es Salaam, na baada ya miaka miwili kwenye meza yetu ya Ijumaa kule Kinondoni hapakuwa na mtu aliyependa kukaa kushoto kwangu wala kulia. Nilikuwa mzuri, nasema bila aibu. Texas ina mikono 1,326 ya kuanzia, na ukiipanga kwa aina inabaki 169 tu. Zote 169 nilikuwa nazo kichwani: ipi ya kupandisha, ipi ya kufuata, ipi ya kutupa.

Ijumaa moja mwaka 2019 jamaa mmoja akasema tubadilishe, tucheze Omaha. Sheria zilielezwa kwa dakika tano. Kila mtu anapewa karata nne badala ya mbili, mezani zinafunguliwa tano kama kawaida, na mkono wako wa mwisho lazima uwe na mbili za kwako na tatu za mezani, si zaidi wala si pungufu. Dau haliwezi kupita ukubwa wa poti, yaani hela zote zilizokwisha kuwekwa katikati. Nikajiambia moyoni: karata nne ni Texas mara mbili, na anayeijua Texas atakula mara mbili.

Saa nne na nusu za usiku nikafunua A♠ A♦ 7♣ 2♥. Nikapandisha. Jamaa akapandisha juu yangu, nikapandisha tena mpaka mwisho wa sheria. Mezani zikaja 9♦ 8♠ 3♣. Hakuna picha, hakuna alama mbili zinazofanana. Kwa macho ya Texas ule ulikuwa uwanja wangu, nikasukuma kete zote zilizobaki. Alinifuata hata kabla sijaondoa mkono mezani. Akalaza J♥ 10♥ 9♣ 8♣. Alikuwa na jozi mbili tayari, na juu ya hapo Q yoyote au 7 yoyote ilimpa mfululizo, yaani karata tano zinazofuatana. Ikaja K♥, kisha Q♦. Mfululizo. Jamaa akacheka kwa sauti, akasema, "Karibu Omaha, bingwa." Neno hilo bado linaniuma hadi leo ninapoandika.

Zile hela zilikuwa 1,200,000, na kesho yake asubuhi zilitakiwa ziende kwa mwenye nyumba. Nilivyomweleza mama watoto sitaandika hapa.

Kwa miezi kama mitatu nilisema nilikuwa na nuksi, kama wewe unavyosema. Aliyenitoa huko ni mzee mmoja jirani, mhandisi mstaafu wa meli aliyeishi Sweden miaka mingi na kucheza Omaha huko. Nilimwamkia, nikamsimulia ule mkono kwa uchungu wote, nikitegemea anipe pole. Hakunipa. Alitandika gazeti juu ya meza ya uani, akaweka A-A-7-2 upande mmoja na J-10-9-8 upande wa pili, akaniambia: "Karata nne zina ndoa sita. Hesabu ndoa zako."

Nikahesabu, kila karata mbili za mkononi ndoa moja. A na A, ndoa nzuri. A na 7, mara mbili kwa sababu ree ni mbili: hazina alama moja, haziwezi kukaa kwenye mfululizo mmoja, zimekufa. A na 2, mara mbili: mfululizo wa chini tu, ule wa kuishia kwenye 5, basi. 7 na 2: zimekufa. Ndoa moja kati ya sita. Akanivutia karata za jamaa. J-10, 10-9 na 9-8 zinafuatana. J-9 na 10-8 zimeruka moja, J-8 zimeruka mbili, na zote bado zinafanya mfululizo. Juu yake J-10 zote kopa, 9-8 zote pau. Ndoa sita, zote hai, na mbili kati yake zina alama. Mzee akasema, "Wewe ulikwenda vitani na mkono mmoja. Mwenzio alikuja na mikono sita."

Pale ndipo nilipoelewa. Texas, ree mbili dhidi ya mkono mmoja wa kubahatisha zinashinda takriban mara 85 katika 100. Omaha, ree mbili kavu kama zile zangu dhidi ya karata nne zinazofuatana zenye alama mbili mbili ni karibu nusu kwa nusu. Tena zinakuja sana: Texas unapewa A-A mara moja katika mikono 221, Omaha unaziona karibu mara moja katika mikono 40. Mtu aliyetoka Texas anafurahi kila mara, na kila mara anaweka kila kitu.

Omaha ina mikono 270,725 ya kuanzia. Hakuna wa kukariri hiyo. Ndiyo maana nasisitiza ndoa sita, na nitazidi kusisitiza: usitafute jina la mkono, hesabu ndoa. Nilinunua daftari la kurasa 96, na kila usiku baada ya watoto kulala nilikuwa nagawa karata nne nne mkekani, naandika, nahesabu. Mikono mia kwa usiku. Wiki mbili za kwanza nilichukua nusu dakika kwa mkono mmoja. Mwishoni jicho lilikuwa linaona lenyewe.

Utaona nini? Utaona kwamba karata moja isiyo na ndugu inaharibu tatu zilizobaki. K-Q-J-3 inakuvutia kwa picha zake, lakini ile 3 inaua ndoa tatu kwa mpigo, kwa hiyo unacheza na nusu ya mkono huku wenzio wakicheza mzima. Utaona kwamba tatu za aina moja mkononi, kama 8-8-8-J, ni balaa, kwa sababu unaruhusiwa kutumia mbili tu na ile ya tatu uliyoishika ndiyo ungeiomba ije mezani. Hata A-A-A-K ni mkono wa kuogopa. Kopa nne mkononi vilevile: mbili kati ya kopa ulizohitaji mezani umezishika mwenyewe. Mikono ninayoipenda ni ya aina tatu. Ya kwanza ni A-A zikiwa na alama mbili na ndugu wazuri, kama A♠ K♠ A♥ K♥ au A-A-J-10. Ya pili ni karata nne zinazofuatana, hasa kubwa, kama K-Q-J-10 zenye alama mbili mbili. Ya tatu ni jozi mbili kubwa. Nyingine nyingi ni za kutupa, na kutupa ndiko kunakolipa.

Alama nayo ina sheria yake. Mzee alinifundisha nisifurahie alama isiyoongozwa na A. Meza yenye watu sita, kila mtu karata nne, kuna karata 24 mikononi. Ukimaliza na maua, yaani karata tano za alama moja, yanayoongozwa na Q na mtu akaweka poti nzima mbele yako, mara nyingi huyo ana maua makubwa zaidi. Na hili nalishuhudia kila mwezi: mtu ana A♥ peke yake, mezani zimetoka kopa nne, anasukuma kete zote kama alivyozoea Texas. Hana maua! Lazima ziwe mbili za mkononi. Nimemwona mtu mzima mwenye heshima zake akibishana na mgawaji dakika kumi juu ya hilo.

Kwa nini nakazia mwanzo kuliko yanayofuata? Kwa sababu ya jinsi poti inavyokua. Tuseme watu wanne wameingia kwa 7,000 kila mmoja, poti ni 28,000. Ukiweka poti nzima akakufuata mmoja, inakuwa 84,000. Karata ya nne ukafanya hivyohivyo, 252,000. Ya mwisho, 756,000. Kosa la 7,000 ulilofanya mwanzoni linakuja kudaiwa kwa mamia ya maelfu.

Na usiidharau karata ndogo yenye ndugu. Novemba 2009, kwenye intaneti, Patrik Antonius wa Finland na Viktor Blom wa Sweden walicheza poti ya Omaha iliyozidi dola milioni 1.35. Antonius alikuwa na A-K-K-3, Blom 9-8-7-6. Anayehesabu majina anaona K mbili tu kwa Antonius. Mezani zikaja 4-5-2, na kilichofanya mfululizo ni ile 3 na ile A. Ndoa, si jina.

Sasa niwaambie la mwezi uliopita, maana nimelisubiri tangu 2019. Meza ileile, jamaa yuleyule. Saa mbili za kwanza nilitupa mikono mpaka mmoja akaniuliza kama naumwa. Kisha nikiwa wa mwisho kusema nikapewa J♠ 10♠ 7♦ 6♦. Jamaa alikuwa amepandisha, nikafuata. Zikaja 9♥ 8♣ 2♠. Akaweka poti nzima. Nikahesabu polepole, kidole kikigusa kete moja moja: Q nne, J tatu, 10 tatu, 7 tatu, 6 tatu, 5 nne. Karata ishirini za kunipa mfululizo kati ya 45 nisizoziona, na zimebaki mbili za kufunguliwa. Hiyo ni karibu 70 katika 100. Lakini sikuzihesabu zote sawa. J au 10 ikija, mwenye Q na ndugu yake ana mfululizo mkubwa kuliko wangu. Kwa hiyo kumi na nne nilizipa imani yangu yote, sita nilizipa nusu. Nikafuata. Ikaja 5♣, akaweka tena, nikapandisha mpaka mwisho. Ya mwisho ilikuwa K, haikumsaidia. Akafunua ree mbili, na pembeni yake 10 na 4.

Sikusema neno. Nilikusanya kete zangu, nikaenda kumpigia mama watoto.

Ndugu zangu, acheni kukimbilia meza kabla ya daftari. Acheni kucheza kila mkono eti kwa sababu karata nne zinapendeza. Acheni kabisa kubeba hela ya kodi au ada ya mtoto, kwa sababu hata ukihesabu vizuri, Omaha inaweza kukunyima mwezi mzima, na mtu anayeogopa kuhusu kodi hawezi kutupa A-A. Hela ya mchezo iwe na mfuko wake, na mfuko ukiisha, kaa nyumbani. Mimi nilikaa nyumbani miezi mitatu.

Kuhusu A-A-9-4 yako, mdogo wangu: alama zote tofauti, ndoa moja hai kati ya sita. Kama kete zako ni chache na unaweza kuingiza walau theluthi yake kabla ya karata za mezani, pandisha na uende nayo. Kama kete ni nyingi, usipandishe kwa pupa. Fuata kwa bei ndogo, zione tatu za kwanza, na isipokuja A mezani mtu akaweka poti nzima, laza chini. Najua mkono utatetemeka. Nunua daftari, gawa mikono mia leo usiku, andika ndoa za kila mmoja, kisha nipigie picha ukurasa wa kwanza unitumie. Nitausahihisha.