Mwanangu, wale mapacha hawakukudanganya

Mwanangu, meseji yako nimeisoma. Unauliza kwenye zile riwaya 3 za Ágota Kristóf, yule mwandishi wa Hungaria, wale mapacha wapo kweli au ni mtoto mmoja tu, na kama ni mmoja basi mwandishi katudanganya tangu mwanzo. Nakuelewa, hata mimi nilikasirika nilipofika ile ya tatu.

Ila rudi kwenye ile ya kwanza, Le Grand Cahier (yaani Daftari Kubwa) ya 1986, uangalie vitenzi tu. Tulienda, tulipigwa, tuliiba, kila mahali ni "tu", hakuna anayesema mimi na majina yao hatuambiwi. Mama yao kawaacha kwa bibi sababu ya vita, basi wanajizoesha, wanachapana wao kwa wao mpaka maumivu yasiwaingie, wanatukanana mpaka matusi yanabaki kelele, halafu ndo inakuja zamu ya yale maneno matamu mama yao aliyokuwa anawaita, nayo wanayarudia rudia mpaka yanakufa mdomoni. Hapo niliweka kitabu pembeni. Mtoto anaua neno la mama yake makusudi ili lisimuumize! Sasa kazi hiyo unaifanyaje peke yako?

Ile ya tatu, ya 1991, ndo inatuambia ndugu walitenganishwa wakiwa na miaka 4, na lile daftari mmoja aliliandika bila mwenzie. Hata majina yao, tunayokuja kuyajua baadaye, Lucas na Claus, ni herufi zilezile 5 zimepangwa upya tu. Mimi siuiti uongo, kila alipopigwa alimweka ndugu yake pembeni yake, ndo maana kitenzi kikawa na "tu".

Kristóf mwenyewe alikimbia Hungaria 1956 akiwa na miaka 21 na kitoto kichanga, akaishia Uswisi kwenye kiwanda cha saa, Kifaransa kakijifunza ukubwani na akaandika kwa hichohicho huku akisema kinaiua lugha yake ya mama. Zile sentensi fupi kavu nahisi zimetoka hapo.

Kilichoniuma zaidi ni yule aliyebaki. Ndugu yake anarudi baada ya miaka yote ile, yeye anamkana, eti simjui. Na bado andiko la huyo ndugu, ambalo halijaisha, analipokea. Soma hapo tena taratibu uniandikie wewe unaonaje, kwa nini alilipokea.

Mama yako