Mtumbwi wa babu na jina la Williams

Mmeuliza wiki hii: je, madereva Carlos Sainz na Alex Albon wanaweza kuirudisha timu yao ya Williams kwenye ubingwa wa mbio za magari za Formula 1? Mimi niko hapa Kirumba, Mwanza, na naona swali limebisha mlango wa jirani. Ubingwa wa nani? Frank Williams alianzisha timu hiyo na Patrick Head mwaka 1977. Ajali ya gari ya 1986 kule Ufaransa ikamweka kwenye kiti cha magurudumu, na bado alifikisha mataji 9 ya timu na 7 ya madereva, la mwisho la Jacques Villeneuve, 1997. Mwaka 2020 familia ikauza kwa Dorilton Capital ya Marekani, binti yake Claire, aliyekuwa akiiongoza timu, akaagia kwenye mbio za Monza, Italia. Jina likabaki kwenye gari. Hapo ndipo panaponikera.

Maana baba mdogo naye aliuza mtumbwi wa babu. Uliitwa Subira. Mnunuzi alikuwa tajiri mmoja wa dagaa wa upande wa Igombe. Akaupaka rangi mpya, jina akaliacha kwa sababu lilikuwa na sifa kwenye mashindano. Akakodi wapiga kasia kutoka Ukerewe, vijana wa mabega hasa. Siku ya mashindano pale Mwaloni, bibi aligoma kuja. "Ule si wetu tena," alisema. Saa nne tukamkuta kakaa juu ya gunia la dagaa, kajifunika kanga, eti kaja kununua chumvi.

Subira ilitoka ya kwanza. Kufika katikati ikaanza kunywa maji. Tajiri alipaka rangi nje tu, kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa za mbao, hakuigusa! Kijana mmoja akaacha kasia akashika kopo, baadaye wa pili naye, mwisho wanaopiga kasia wakawa wachache kuliko wanaomwaga maji. Mitumbwi yote ikawapita. Bibi alikuwa kasimama, kanga anaipunga, "Subira! Subira!" mpaka sauti ikamkauka. Jioni aliwapelekea wale vijana ugali na sato. Tajiri alimpita kama hamwoni.

Kwa hiyo msiniulize madereva. James Vowles alipoingia Williams kama mkuu wa timu mwaka 2023 alikuta orodha ya vipuri kama 20,000 inatunzwa kwenye faili la Excel. Kalafati ndiyo hiyo. Mpe gari hilo dereva yeyote, utamkuta kashika kopo.

Ila nisiwaonee hao Dorilton. Tajiri wetu hakununua hata pamba ya kuzibia. Wao wanatoa hela ya mitambo. Vowles alisema wazi kwamba nguvu yao wameielekeza kwenye kanuni mpya za 2026, na bado 2025 Sainz alishika nafasi ya tatu kwenye mbio za Baku na timu ikamaliza ya 5. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema jina lile la Williams lizikwe na mwenyewe Frank. Sasa sina hakika.

Jibu langu basi: wanaweza, gari likiwa zima, na si mwaka huu wala ujao. Siku hiyo nitampigia Sainz vigelegele kama ni yeye, au Albon. Dorilton sitawasalimia. Labda wakichukua mara mbili.