Ukiombwa Kuandika Wasifu wa Mwenyekiti wa Tawi

Misiba ya kwetu Kigoma, hasa Ujiji ambako maiti haikawii kuzikwa, msoma wasifu hupewa dakika chache tu kabla jeneza halijanyanyuliwa. Dakika hizo tunazimalizia kwenye mambo ambayo kila aliyepo anayajua: alizaliwa wapi, alisoma wapi, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Alipofariki mwenyekiti wa tawi letu la chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, mimi niliyekuwa katibu wake ndiye niliyeangushiwa kazi hiyo. Nimeona niwaandikie wenzangu, maana wasifu za viongozi wetu zinafanana mno. Ukibadilisha jina tu, hakuna atakayegundua.

Usianze na vyeo. Nenda jamvini walikokaa akina mama wanaofagia barabara, uulize marehemu alimsaidia nani na kwa lipi. Mama mmoja mstaafu alinisimulia jinsi mwajiri wake wa zamani alivyomwachia aondoke bila nauli wala pesa ya mizigo, ilhali aliajiriwa mkoa mwingine. Mzee, yaani marehemu wetu, alimkalisha chini akamsomea Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: mkataba ukikomea mbali na mahali ulipoajiriwa, mwajiri anakusafirisha wewe na mizigo yako hadi huko au anakulipia, na siku zote unazongoja usafiri anakupa pesa ya kujikimu. Barua akaiandika kwa mkono, akaipeleka mwenyewe na kuhakikisha imesainiwa kwenye dispachi. Jibu lilipokawia, akarudi na nakala yake ndani ya bahasha ya kaki. Kwa maelezo ya mama yule, mzee hakuwa mtu wa kupiga kelele. Anasalimia, anakaa kwenye benchi la wageni, anatulia hapo mpaka wenye ofisi wanachoka wao. Nauli ililipwa.

Benchi lile nililitengea aya nzima. Uenyekiti, mstari mmoja.

Jihadhari pia na kumpamba kwa asiyoyafanya. Mjumbe mmoja alinibana niandike kwamba marehemu alitupandishia mishahara. Mishahara ya watumishi wa umma haipandishwi na mwenyekiti wa tawi, na waliokuwa pale wote wanalijua hilo. Kazi yake ni kufuatilia: malimbikizo yaliyokwama, daraja lisilopanda, uhamisho usiolipwa, mama aliyejifungua pacha anaambiwa arudi kazini baada ya siku 84 wakati sheria inampa 100. Afisa utumishi amekaa mstari wa mbele anakusikiliza. Akikukamata kwenye uongo mmoja, hata yale ya kweli atayatilia shaka.

Kama marehemu ni wa siku nyingi, kaangalie kadi zake za uanachama. Huyu wetu alikuwa nazo zote: ya JUWATA (Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania), ya OTTU, jumuiya ya vyama vya wafanyakazi iliyochukua nafasi yake mwaka 1991, kisha ya TALGWU, chama chetu hiki cha serikali za mitaa. Nilizitaja kwa sababu vijana wetu wanadhani chama kilianza na fulana za Mei Mosi. (Ningeweza kwenda nyuma zaidi, mpaka kwa Rashidi Kawawa aliyesoma Tabora, akaja kuwa katibu mkuu wa kwanza wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, mwaka 1955. Ila watu wamesimama juani, wahurumie.)

Baada ya maziko kuna kazi ambayo naiona kubwa kuliko wasifu wenyewe, nayo ni makaratasi. Familia ikisafisha chumba baada ya arobaini, mafaili ya chama ndiyo ya kwanza kuwashiwa moto. Ongea na mtoto mkubwa mapema, kwa adabu, mkae pamoja mtenganishe. Hati za ajira na za mafao zibaki kwa familia, kwa sababu msimamizi wa mirathi atazihitaji akienda mahakamani. Muhtasari na barua za tawi zirudi ofisini kwa kusainiana. Barua za madai ya watu zina siri zao: mishahara, maradhi, kesi za ndoa. Zisipitishwe mkono kwa mkono msibani.

Halafu tafuta madai ambayo bado yako njiani. Sisi tulikuta la kijana kibarua wa mkandarasi wa usafi aliyefukuzwa kazi bila kusikilizwa. Hata mwanachama hakuwa, ila mzee alikuwa ameshampokea. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na siku za matanga nazo zinahesabiwa. Kijana mwenyewe alikuwa jikoni anapasua kuni, anaona haya kuuliza. Tukamwita, tukajaza fomu palepale barazani, na kabla watu hawajatawanyika tukamkabidhi daftari la madai katibu msaidizi, na namba za simu za wote waliomo.